Ila

Kizuri hakikosi ila, husema,
na mimi nalipwa kwa hiyo ila.

Maabara yetu iko Tudor, ghorofa ya pili.
Dirisha tumelipiga silikoni, chumvi ya mkono wa bahari isiingie;
huingia vivyo hivyo.
Skrubu za hadubini zimeota kutu.

Hapa ndipo ninapobandua jiwe.
Molibdeni na salfa, jeusi, laini kama masizi,
tabaka juu ya tabaka,
kama chapati iliyosukumwa na mtu mwenye subira.
Nalibandika selotepu, nakunja, nabandua,
nabandua tena kilichobanduliwa,
mpaka libaki tabaka moja, unene wa atomu tatu,
kitu ambacho karibu hakina ndani:
nje mbili zilizopeana mgongo.

Miaka miwili nilitafuta lililo kamili.
Safu zilizonyoka kama za swala,
bega kwa bega, shetani asipate pa kupita.
Nikalipata. Nikaliunga kwa dhahabu, nikatia volti.
Mkondo ukatoka kama mfereji wa Kisauni
siku ambayo zamu ya maji si yenu.

Kadzo ndiye aliyesahau moja ndani ya tanuri.
Simu ilitoka Kaloleni: mamake kalazwa.
Alipokumbuka, joto lilikuwa limeshapita mia saba,
na salfa imetoroka, moja hapa, mbili kule,
imeacha viti vitupu.
Alilia. Nilimwambia tutupe.
Sikutupa, wala si kwa hekima:
pipa lilikuwa limejaa.
Alasiri, kwa kupoteza wakati tu, nikalipima.

Mkondo ukaja.

Nikachomoa nyaya, nikachomeka upya. Ukaja.
Elektroni, iliyonigomea kwenye safu zilizojaa,
ilikuwa inaruka pengo hadi pengo,
kama mtoto anayevuka matope ya Kongowea
kwa kukanyaga matofali.

Tangu hapo twaharibu kwa saa mkononi.
Tunawasha argoni, vumbi la umeme la zambarau,
Kadzo ahesabu kwa sauti, kwa Kigiriama akisahau:
sekunde tano, mkondo wachungulia;
kumi, waongezeka;
kumi na mbili, unakuja wote.
Thelathini, kimya. Limekuwa chekecheke,
atomu hazijuani tena.
Baina ya fundi na mharibifu
kuna sekunde kumi na nane.

Kibokoni, shangazi Mwanakombo adarizi kofia.
Kitambaa kipya, cha bei, akitoboa bila huruma,
tundu kwa tundu, mamia, kufuata ua la penseli.
Nilimweleza kazi yangu. Akacheka,
pengo la jino la mbele likanitazama.
«Kumbe na wewe watoboa! Na wakulipa?»
Wanalipa, wakikumbuka.
Akaivuta kofia karibu na taa, mato yamemchoka.
«Mimi tundu langu nalizungusha uzi. Lako?»

Sikumjibu. Nilikunywa kahawa yake ikapoa.

Maana sampuli ya Kadzo ilikuwa imekufa.
Siku ya tisa, mkondo ulishuka nusu,
ya kumi na moja, haukuwapo.
Unyevu wa mji huu ulikuwa umeyaona mapengo,
ukaingia, ukakaa kwenye viti
kama mgeni asiyeulizwa jina.
Na mimi nilikuwa nimelaumu nyaya.

Leo tunajaribu uzi.
Seleni kidogo, mvuke tu, atomu moja kwa kila pengo,
si salfa iliyoondoka, wala si utupu:
mtu wa tatu, anayejua kukaa pembeni.
Huenda ikashika. Huenda ikaziba kila kitu
nikarudi kwenye mfereji wa Kisauni.

Kadzo amewasha tanuri. Simu iko mezani, uso juu;
mamake ametoka wodini, anajifunza kula kwa upande mmoja.
Kwenye daftari, penye jina la sampuli,
ameandika kwa kalamu nyekundu:
*Ila ya pili. Ya kwanza haikuwa na uzi.*